SURA YA MGENI: UCHORAJI WA MTU NA UMOJA WA WATU KATIKA HANDENI NA KOROGWE

Utangulizi

Kila penye semina ya utamaduni hapakosi mtu wa kusimama na kutangaza kwamba sanaa huleta umoja. Husemwa hivyo juu ya ngoma, juu ya taarabu, na hasa juu ya picha za watu: eti ukiiona sura ya mwenzako imechorwa vizuri, chuki yako itayeyuka. Wasikilizaji hupiga makofi, chai huletwa, na hakuna anayeuliza swali. Makala hii inataka kuliuliza. Je, ni kweli kwamba picha ya mtu huwafanya watu wa mila mbalimbali wavumiliane? Na kama ni kweli, ni picha ya namna gani, imechorwa na nani, na kwa faida ya nani?

Msomaji anaweza kushangaa: mbona gazeti la uhakiki wa fasihi linaingilia kazi za wachoraji? Jibu limo katika lugha tunayotumia kila siku darasani. Sisi husema mwandishi "amemchora" mhusika wake. Tukimsifu, tunasema amemchora akachoreka. Tukimlaumu, tunasema mhusika ni bapa, hana kina. Maisha ya mtu yaliyoandikwa tunayaita wasifu, neno lenye mzizi mmoja na kusifu, yaani kueleza sifa za mtu zilivyo. Kwa hiyo mchoraji, mchongaji na mwandishi wana kazi moja: kumweka mtu mbele ya macho ya watu wasiomjua. Tena katika sehemu tunayoizungumzia Waislamu ni wengi, na wapo kati yao ambao hawapendi kabisa sanamu ya kiumbe chenye roho. Mahali kama hapo sura ya mtu iliyochorwa kwa maneno huwa na nafasi kubwa zaidi. Tukiiacha nje tutakuwa tumeangalia nusu tu ya jambo.

Tumechagua Handeni na Korogwe kwa makusudi. Wilaya hizi mbili za Mkoa wa Tanga zimepakana na watu wake wamechanganyika siku nyingi. Handeni ni nchi ya Wazigua, na mpaka mwaka 2002 ilikuwa wilaya moja na Kilindi, ambako ndiko kwa Wanguu. Korogwe iko chini ya milima ya Usambara, kwenye njia ya reli ya Tanga, na humo wamo Wasambaa, Wazigua na Wabondei. Wenyewe hujiita Waseuta, wana wa Seuta, na wako waliounganisha vipande vya majina yao wakapata Boshazi: Bondei, Shambaa, Zigua. Juu ya hao ongeza Waparakuyo na ng'ombe wao, Wapare walioshuka milimani, na maelfu ya watu walioletwa na mkonge kutoka pembe zote za nchi. Misikiti na makanisa yanatazamana. Kama picha ya mtu inaweza kuunganisha watu, basi hapa ndipo pa kuijaribia.

Sura isiyo ya mtu

Tuanze na sanaa ya zamani. Miongoni mwa watu wanaofuata ukoo wa mama mashariki na kaskazini mashariki mwa Tanzania, yaani Wazaramo, Wakwere, Wadoe, Waluguru, Wakaguru, Wanguu na Wazigua, kuna kisanamu kidogo cha mti ambacho Wazaramo hukiita mwana hiti. Hakina mikono wala miguu. Kiwiliwili chake ni kama kigogo cha mviringo, kichwani mna nywele zilizogawanyika kuwa vishungi viwili, na uso umedokezwa tu. Mwali aliyewekwa ndani hukilea kisanamu hiki kama mtoto wake.

Je, hii ni picha ya mtu? Ukidai kwamba picha ya mtu lazima ifanane na fulani bin fulani, hapana. Mwana hiti hafanani na mtu yeyote. Lakini hapo ndipo penye nguvu yake. Kwa kuwa hana uso wa mtu mmoja, hakuna ukoo unaoweza kumshika na kusema "huyu ni wetu peke yetu." Umbo lile lile limevuka kutoka Uzaramo hadi Unguu, kwa watu ambao leo tunawahesabu kuwa makabila mbalimbali na ambao lugha zao zimetofautiana. Mwali wa Handeni na mwali wa Kisarawe wamebeba mtoto mmoja bila kujuana.

Mambo ya namna hii yamo pia katika sanamu za udongo za unyago na jando. Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, alikusanya sanamu za aina hiyo kwa Wazigua, Wasambaa, Wabondei na jirani zao, na mwaka 1956 akatoa kitabu juu yake. Karatasi zake nyingine zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwanafunzi mwenye hamu anaweza kuzisoma. Sanamu hizo ni za watu, wanyama na vyombo, na kila moja ilikuwa na wimbo wake na fundisho lake: namna ya kuishi na mume au mke, wakwe, jirani. Mengine ni ya kungwi na mwali, hayana ruhusa ya kuandikwa hapa. La muhimu kwetu ni kwamba sanamu haikufanya kazi peke yake. Bila wimbo na bila mtu wa kuufumbua, ni udongo uliokauka.

Sasa tazama kilichotokea sanamu hizi zilipopelekwa katika makumbusho. Ziliwekwa nyuma ya kioo, zikabandikwa karatasi: hii ya Wazigua, hii ya Wakwere, hii ya Wazaramo. Wimbo umebaki kijijini, jina la kabila ndilo limepanda ndege. Wanunuzi wa Ulaya na Marekani wakaanza kubishana kisanamu fulani ni cha kabila gani hasa, maana bei inategemea jibu hilo. Umbo lililokuwa limewaunganisha watu limegeuzwa uzio wa kuwatenganisha, na hakuna aliyeligusa kwa patasi. Fundisho la kwanza basi ni hili: umoja haumo ndani ya sanamu kama tui ndani ya nazi. Umo katika matumizi yake, katika watu wanaoizunguka na maneno yanayosemwa juu yake.

Vilevile tusijidanganye kwamba umoja wa mwana hiti ulikuwa wa kila mtu. Ulikuwa umoja wa waliochezwa. Asiyechezwa alibaki nje, na Msambaa anayefuata ukoo wa baba alikuwa na mila zake. Kila picha inayokusanya watu huwa na mlango, na mlango huweza kufungwa.

Mbegha: mgeni aliyechorwa na mgeni

Tukija kwenye picha ya maneno, sehemu hii ina kazi ambayo kwa maoni yetu haijapewa heshima yake madarasani. Hiyo ni Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi bin Ali al-Ajjemy. Mwandishi alikuwa mtu wa pwani, Mwislamu, na nasaba yake yenyewe, al-Ajjemy, inatutuma ng'ambo ya bahari. Alikaa Mazinde, ambayo leo iko Wilaya ya Korogwe, katika baraza la Semboja mwana wa Kimweri. Habari zake zilichapwa kwanza kwa sehemu sehemu na wamisionari wa Kianglikana wa Magila, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, halafu mwaka 1962 zikatolewa katika kitabu kimoja chini ya uhariri wa J. W. T. Allen. Hebu tutulie hapo kidogo. Mwislamu wa pwani anaandika habari za watawala wa mlimani wenye dini na matambiko yao, na Wakristo wanapiga chapa. Kabla hatujafungua ukurasa wa kwanza, kitabu chenyewe kimekwisha kuwa mkutano wa watu wasiofanana.

Mtu anayechorwa mwanzoni ni Mbegha, mwindaji kutoka Unguu. Tangu utotoni ana doa: ni kigego, meno yake ya juu yalitangulia kuota, na kwa mila ya wakati ule mtoto wa namna hiyo ni balaa. Ndugu zake wanamnyima urithi. Anahamia Kilindi, anafanya urafiki na mtoto wa mtawala, kijana anauawa na nguruwe katika mawindo, na Mbegha inambidi akimbie. Anatokea Usambara akiwa na mbwa wake na wenzake wachache, mtu asiye na kwao. Huko anawagawia watu nyama, nao wanampa vyakula vya shambani. Anaamua ugomvi wao. Wazee wa Vugha wanakuja kumchukua, na njiani usiku anaua simba. Mkimbizi aliyefukuzwa kwa ajili ya meno yake anaishia kuwa mtawala, na ukoo wake ukaitwa Wakilindi, kwa jina la mahali alipokuwa mgeni.

Tukiitazama picha hii kwa jicho la fani, jambo la kwanza linaloonekana ni kwamba mchoraji hakumpaka mtu wake poda. Angetaka kumpendeza Semboja, ambaye ni mjukuu wa mbali wa Mbegha, angeweza kuanza na simba na kuyaacha meno. Hakuyaacha. Angeweza pia, yeye Mwislamu, kuona haya kwamba sifa kubwa ya shujaa wake ni kuwinda nguruwe. Hakuona haya, nguruwe wamo tele. Huku ndiko kuvumiliana ninakokuelewa mimi: kumweleza mwenzako kama alivyo, pamoja na yale ambayo kwako ni haramu, bila kumgeuza akufanane na bila kumdhihaki.

Jambo la pili ni namna mgeni anavyopokewa. Wasambaa katika habari hii hawampendi Mbegha kwa sababu sura yake ni nzuri au kwa sababu mtu amewahubiria upendo. Yeye ana nyama na hawana, wao wana mazao na hana. Wanabadilishana, na katika kubadilishana wanazoeana. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha 1974 juu ya dola ya Usambaa, ameupa uzito mabadilishano haya ya nyama na vyakula vya shambani. Sisi wahakiki tunaongeza kwamba ndiyo yanayomfanya mhusika asiwe bapa. Mbegha tunamwona akitoa na akipokea, akiogopa na akiogopwa. Ana uso unaobadilika.

Lakini hatuna budi kuuliza swali la tabaka. Hii ni picha ya mtawala, iliyochorwa na mtu aliyekuwa karibu na watawala. Kina nani hawana sura humo? Mkulima wa Usambara anayeleta ndizi hana jina. Na simulizi ya mgeni aliyepokewa kwa furaha ilikuwa silaha nzuri mikononi mwa wajukuu wa mgeni yule: ninyi wenyewe mlitutaka. Baada ya kufa kwa Kimweri ye Nyumbai, mwanzoni mwa miaka ya 1860, warithi wake walipigana, Wabondei wakaasi, na vita vile viliwatupa watu wengi utumwani, wakauzwa kwa bunduki. Mbondei wa wakati ule angeitundika picha ya Mbegha ukutani kwake? Labda kwa ajili ya kuilenga mshale.

Hata hivyo, Abdallah bin Hemedi hakuishia kwenye harusi ya mgeni na wenyeji. Aliendelea mpaka kwenye ugomvi, uasi na damu, mambo aliyokuwa karibu nayo mwenyewe. Kwa hiyo msomaji anapewa vyote viwili, kupokewa na kuchokwa. Kitabu hakituambii kwamba umoja ukishapatikana hudumu. Kinatuambia kwamba mgeni anayeacha kugawa nyama hurudi kuwa mgeni. Kwa maoni yangu hilo ndilo somo kubwa la Habari za Wakilindi, na lina faida kwa mwenyeji wa Handeni wa leo kuliko hotuba kumi.

Manamba: watu walionyimwa sura

Mwaka 1893 Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai Pangani, tunavyoambiwa, ilikuwa 62. Kutoka hiyo sitini na mbili yalitoka mashamba yaliyoufunika mkoa mzima, na Korogwe ikazungukwa: Ngombezi, Magunga, Kwamdulu na mengineyo. Kazi ilihitaji mikono kuliko iliyokuwapo. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, nao wakaletwa kwa malori na treni kutoka Kigoma, Songea na kwingineko. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alikuwa na namba yake.

Neno hili tunalitamka kwa urahisi kama jina la kazi tu, nalo lina ukatili ndani yake. Manamba ni mtu ambaye sura yake imefutwa, mahali pake pakawekwa tarakimu. Anajulikana kwa kipande, na kipande kinajua siku alizofanya kazi, hakijui kama ana mama. Ndiyo kinyume kamili cha sanaa tunayoizungumzia. Mwenye shamba hakuhitaji kumvumilia Muha wala Mmakonde, maana hakumwona. Aliona safu za mkonge na idadi ya mafungu yaliyokatwa.

Na bado humo kambini watu walichorana. Walitumia chombo kisicho na gharama, utani. Mtani ana ruhusa ya kukuchora kwa maneno mbele ya watu: pua yako, uchoyo wa babu yako, lafudhi yako, chakula chenu kinachonuka. Picha ni ya kupotosha, kila kitu kimekuzwa, lakini ina sharti mbili. Kwanza, aliyechorwa yupo pale pale na ana haki ya kuchora naye. Pili, siku ya msiba mtani huyo huyo ndiye anayechimba kaburi. Utani uliwasaidia watu waliotoka mbali, wasio na ndugu wa karibu, wazikane kibinadamu. Kwa hiyo hata kikatuni cha maneno kinaweza kuunganisha, ilimradi kuna kulipizana na kuna kuzikana. Ukiyatoa hayo mawili, utani unabaki tusi.

Mashamba hayo hayo yaliwapitisha wasanii. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, alifika Mkoa wa Tanga katika miaka ya 1950 kufanya kazi ya mkonge, kabla hajaenda Dar es Salaam na kuanza mwaka 1968 kupaka rangi za nyumba na baiskeli juu ya mbao za dari. Wamakonde nao walifika mkongeni kwa wingi. Kwao wana mapiko, barakoa za ngoma, ambazo wachongaji huzipa sura za watu wa karibu na za wageni pia: Mzungu, Mhindi, Mwarabu. Mgeni anaingizwa uwanjani na kuchezwa. Anachekwa, ndiyo, lakini anaingizwa.

Kutoka kwa Wamakonde hao tumepata pia mchongo unaoitwa ujamaa, gogo moja la mpingo lenye watu wengi waliobebana. Chanzo chake ni kazi ya Roberto Yakobo Sangwani, aliyechonga mshindi wa mieleka amebebwa na wenzake. Jina la ujamaa lilikuja na siasa. Si kitu, jina limekaa. Ukitazama ile iliyo bora utaona kwamba nyuso hazilingani: huyu mzee, huyu mama, huyu analia. Ile mibaya iliyotengenezwa harakaharaka kwa ajili ya watalii ina uso mmoja uliorudiwa mara ishirini. Hapo mchongaji amewarudisha watu kuwa manamba.

Mmaasai wa ukutani na Mmaasai wa Msomera

Tufike sasa kwenye leo. Picha ya mtu inayouzwa kuliko nyingine zote katika maduka ya sanaa nchini ni ya Mmaasai. Tunaijua wote: mrefu kuliko mti, shuka jekundu, mkuki, nyuma yake jua linazama. Uso aghalabu hauna macho. Imetundikwa katika hoteli, katika ofisi, katika viwanja vya ndege. Kama nadharia ya semina zetu ingekuwa sahihi, Mmaasai angekuwa mtu anayepokewa kwa upendo kuliko wote Tanzania, maana hakuna aliyechorwa kama yeye.

Hebu tuipeleke picha hiyo Handeni. Mwezi wa Juni 2022 familia za kwanza kutoka Ngorongoro zilifikishwa katika kijiji cha Msomera, ambako serikali ilikuwa imejenga nyumba. Serikali ilisema watu hao wamejiandikisha kwa hiari. Mashirika ya haki za binadamu na baadhi ya wakazi wa Ngorongoro walipinga, wakasema huduma zilipunguzwa ili watu wahame. Na baadhi ya waliokuwa wakiishi Msomera tangu zamani walilalamika kwamba ardhi yao imegawiwa wageni. Hatukusudii kuamua kesi hiyo katika kurasa za uhakiki. Tunauliza tu: picha ya ukutani inatusaidia nini hapa?

Haitusaidii kitu, bwana. Miongoni mwa wakazi wa zamani wa Msomera wapo Wamaasai vilevile, na Waparakuyo wamechunga ng'ombe katika nchi ya Wazigua tangu karne ya 19. Mlalamikaji anaweza kuwa amevaa shuka, na mgeni amevaa shuka. Ile picha nyekundu haiwezi kutuambia nani mwenyeji na nani amehamia, nani ameridhika na nani analia usiku. Ni mhusika bapa kabisa: ametengenezwa aonekane, hakutengenezwa ajulikane. Na mtu tuliyemzoea bila kumjua ni rahisi kumwonea, kwa sababu tunadhani tumekwisha kumjua.

Wako watakaosema tunawaonea wachoraji maskini wanaotafuta ugali. Watasema pia kwamba picha ile angalau inaleta fahari, na sura ya jumla ni bora kuliko kutokuwa na sura. Hoja ya ugali tunaikubali, na hatumlaumu kijana wa Mwenge anayechora kinachonunuliwa. Hoja ya fahari tunaikataa. Fahari ya picha isiyo na jina huenda kwa mnunuzi, anayerudi kwao na ushahidi kwamba amefika Afrika. Aliyechorwa hajui hata kwamba amechorwa.

Linganisha na jambo jingine la Handeni hiyo hiyo. Katika karne ya 19 Wazigua wengi walipelekwa Somalia, wakakaa bonde la Juba. Vita vya miaka ya 1990 vilipowafukuza, baadhi yao walirudi Tanzania, na mwaka 2003 wakawekwa Chogo, wilayani Handeni. Baadaye Tanzania ikawapa wengi wao uraia. Walikuwa wamevaa kwa namna nyingine na wana desturi walizozichukua Usomali. Kwa macho walikuwa wageni. Lakini walipofungua kinywa walisema Kizigua, lugha waliyoitunza zaidi ya miaka mia. Wenyeji waliwatambua kwa masikio. Sura ya mtu, basi, haikai usoni tu. Picha bubu inaweza kumwita mgeni mtu ambaye sauti yake ingemwita ndugu.

Hitimisho

Baada ya safari hii tunaweza kujibu swali tuliloanza nalo. Picha ya mtu inaweza kweli kusaidia watu wa mila mbalimbali kuvumiliana na kuungana, lakini kwa masharti matatu ambayo mifano yetu imeyaonyesha.

Kwanza, picha iwe na maneno yake. Sanamu ya udongo ilikuwa na wimbo, Mbegha ana simulizi, mtani ana jibu. Picha iliyonyang'anywa maneno huokotwa na yeyote na kubandikwa maana anayoitaka.

Pili, anayechorwa awe na jina na awe na nafasi ya kujibu. Shaaban Robert, mtu wa mkoa huu huu wa Tanga, alipoandika wasifu wa Siti binti Saad wa Unguja, hakuandika juu ya "mwanamke wa Kizanzibari." Aliandika juu ya mtu mmoja, na kwa kumjua mmoja yule tunaelewa wengi. Njia ya kuwafikia watu wote hupitia kwa mtu mmoja. Anayetaka kuwachora wote kwa mkupuo humaliza hajamchora hata mmoja.

Tatu, na hili ndilo zito, picha haiwezi kufanya kazi ya nyama na vyakula. Wasambaa na Mbegha walikuwa na kitu cha kubadilishana. Pale ambapo ardhi haitoshi na hakuna aliyewauliza wenyeji, picha nzuri ya mgeni haitazuia ugomvi, na wakati mwingine hutumika kuuficha. Mhakiki anayesifu picha na kunyamaza juu ya ardhi hajafanya kazi yake.

Wanafunzi wa sanaa na wa fasihi wana kazi hapa isiyohitaji mfadhili. Msomera na Chogo ziko Handeni, mashamba ya Ngombezi na Magunga yako Korogwe, na wazee waliowahi kuwa manamba wanazidi kupungua. Mwenye kalamu na aende na kalamu, mwenye penseli na penseli. Amkalie mtu mmoja, aliyehamia au aliyehamiwa, amwulize jina lake na la mama yake, amchore, amwonyeshe alichochora, na akikataa, achore upya. Kisha picha hizo na wasifu wake zitundikwe katika darasa la shule ya msingi ya kijiji kile kile, mahali ambapo wenye sura hizo watapita na kubishana kama zimefanana nao au la. Mabishano hayo yana faida kuliko makofi ya semina.